Sura ya Saba: Pimamaji ya Fundi Chuma

Watu wa pwani walikuwa tangu kale na ala mbili za kuulizia mambo ambayo jicho peke yake haliyajui. Baharia alikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kambani, akikitosa majini ajue kina cha mlango anaoupita; na mwashi alikuwa na timazi, nayo ni uzito uliotiwa uzi, akiining'iniza kando ya ukuta ajue kama umesimama wima au umeinama. Ya tatu ilikuja baadaye, nayo haina kamba wala risasi, bali ni kichupa cha kioo kilichojazwa umajimaji na kuachiwa nafasi ya kiputo kimoja cha hewa: pimamaji. Mintarafu ya hii ndiyo sura hii. Wala sikusudii ile pimamaji ndefu ambayo kila mwashi wa Mombasa huibeba kwapani asubuhi akienda kazini, bali nduguye aliye mfupi kwa umbo na mkubwa kwa daraja, pimamaji ya karakana, yenye tako la chuma cha kusubu lililokwanguliwa kwa mkono hata likawa halina kilima wala bonde, ambayo huwekwa ndani ya sanduku la mbao na kufunuliwa kwa taadhima kama mtu afunuavyo msahafu.

Anayepita Ndia Kuu, akazitazama nyumba za Mji wa Kale na kuta zake nene za matumbawe na chokaa, na dari zake ambazo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ataona upesi kwamba usawa wa mwashi una huruma. Ukuta wa namna ile hustahimili kosa la upana wa kidole na usianguke karne mbili, na sakafu iliyoinama kidogo haimzuii mtu kulala. Hata leo mafundi wetu wa ujenzi huchukua mpira mrefu wa maji, mmoja akashika ncha huku na mwenziwe akashika ncha kule, nao wakatia alama pale maji yaliposimama. Na kwa kazi ya nyumba kipimo hicho chatosha kabisa, kwani maji yaliyotulia hayampendelei mtu. Walakini usawa anaoutaka fundi chuma si wa upana wa kidole wala wa ukucha, bali ni wa sehemu ya unene wa unywele, na hapo mpira wa maji huwa hauna la kusema.

Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, juu ya mwamba wa matumbawe unaoukabili mlango wa bandari, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milano, pimamaji ya kiputo ilikuwa haijabuniwa popote ulimwenguni. Timazi, uzi na maji ndivyo vilivyokuwa mashahidi wa waashi. Katika nchi za Kiislamu sanaa ya kupima mteremko ilikuwa imekwisha andikiwa vitabu zamani sana, na Al-Karaji, mwanahesabu wa mapema karne ya 11, katika kitabu chake cha kuyatoa maji yaliyofichika ardhini, alizieleza mizani za namna mbalimbali za kulinganisha ardhi ili mifereji ipate kutiririka. Lakini kukifungia kiputo ndani ya kioo ni fikra ya Mfaransa mmoja, Melchisédech Thévenot, mtu wa vitabu aliyependa kukusanya habari za safari za wengine na ambaye baadaye alikuwa mkutubi wa mfalme, naye aliitoa takriban mwaka 1661, yaani karibu miaka 70 baada ya mawe ya kwanza ya Ngomeni kutiwa. Alitia spiriti ndani ya kioo badala ya maji, kwa kuwa spiriti haigandi kwa baridi ya kwao na hutembea kwa wepesi ndani ya bomba. Jina letu, basi, latutajia maji ilhali ndani yake hamna hata tone la maji. Nami silioni kuwa ni kosa, maana limehifadhi kumbukumbu ya kile kipimo cha kwanza ambacho kila mwanadamu alikipata bure kisimani.

Siri yote ya ala hii imo katika upinde. Mtu akikitazama kichupa cha pimamaji ya karakana ataapa kwamba kimenyooka, kumbe uso wake wa ndani, upande wa juu, umesagwa taratibu kwa unga mkali hata ukapata mpindo mdogo mno, na kiputo, ambacho kwa tabia yake hukimbilia mahali palipo juu kuliko pote, husimama kwenye kilele cha mpindo huo. Ukiinamisha ala, kilele huhama, na kiputo hukifuata. Mpindo ukiwa mkali, kilele huhama kidogo tu, na kiputo huonekana kizito na mvivu, kama kilivyo katika pimamaji ya mwashi. Mpindo ukiwa mpole, mwinamo mdogo kabisa hukipeleka kiputo mbali. Pimamaji yenye daraja ya milimita 0.02 kwa mita, ambayo ndiyo kaida kwa kazi ya kusimamisha mashine bora, na ambayo alama zake zimeachana kwa milimita 2, yapasa iwe na mpindo ambao ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo ya mita 100. Na tufikiri: kile kioo kifupi ni kipande cha duara lenye upana wa mita 200, ambalo lau lingechorwa ardhini pale Ngomeni lingezimeza nyua na buruji zake. Aliyekisaga hakuliona duara hilo maishani mwake, ila alilitia ndani ya kichupa.

Ama daraja yenyewe, milimita 0.02 kwa mita ni mwinamo wa kiasi cha sekunde 4 za pembe, na kila digrii moja ina sekunde 3,600. Kama ungelikuwapo ufito mmoja mnyofu wa urefu wa kilomita nzima, ukaanzia Ngomeni ukaipita Marikiti na kuendelea, ncha yake ya mbali ingelazimika kuinuliwa sentimita 2 tu ili kiputo kihame alama moja. Mji huu ni mji wa mshairi Muyaka, ambao watu wake huusikia kwa sikio ubeti uliopungukiwa na mizani moja. Sioni ajabu ikiwa mafundi wake nao watataka kuiona kwa jicho kasoro ndogo namna hiyo.

Si kila pimamaji ya chuma iliyo na daraja hiyo, na wengi hudanganyika hapa. Kampuni ya Starrett, iliyoasisiwa na Laroy S. Starrett huko Athol, Massachusetts, mwaka 1880, hutengeneza namna mbili ambazo kwa mbali zafanana: moja ni ya kazi za kila siku, ambayo alama yake moja ni kiasi cha milimita 0.4 kwa mita, na nyingine ni ya daraja mara kumi zaidi, kiasi cha milimita 0.04. Wyler wa Winterthur, Uswisi, walioanza mwaka 1928, ni mashuhuri kwa zile za 0.02, zikiwamo za umbo la mraba ambazo hupima pia uso uliosimama wima. Mwenye kusimamisha pampu au injini juu ya msingi wa zege, ile ya kwanza yamtosha, na akitumia ya 0.02 atapoteza siku nzima akifukuza kiputo kisichotulia. Lakini mwenye kusimamisha kerezo, ile mashine ya kukata chuma kikizunguka, asijaribu kazi hiyo kwa ile ya kwanza, kwa kuwa itamwambia yote ni sawa hali ya kuwa si sawa.

Kerezo ndilo lililoifanya pimamaji hii kuwa ya lazima, nalo si geni kisiwani petu. Tangu reli ilipoanza kutandikwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na hususan tangu Kilindini ilipokuwa bandari ya meli kubwa, kisiwa hiki kimekuwa na karakana za kukereza shafti, kuchonga meno ya gia na kutengeneza yaliyovunjwa na bahari. Na ilipoonekana kwamba vijana wa Kiislamu wa pwani wameachwa nyuma katika ufundi huu, palianzishwa huko Tudor chuo kilichojulikana kwa herufi zake za MIOME, kwa michango ya Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na serikali ya wakati ule, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Chuo hicho kiliitwa Mombasa Technical Institute kuanzia mwaka 1966, Mombasa Polytechnic kuanzia mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Majina yamebadilika mara kadhaa, na ufundi wa chuma umeendelea kufundishwa palepale Tudor.

Sasa wengi, na wamo mafundi waliokula chumvi nyingi, hudhani kwamba kerezo huwekewa pimamaji ili lilale sawa na ardhi. Hiyo ni dhana, na ushahidi wa kuivunja unaelea Kilindini kila siku: meli nyingi zina kerezo katika chumba cha ufundi, nalo huinama na kuinuka pamoja na mawimbi mwaka mzima, wala kazi yake haiharibiki kwa sababu hiyo. Anachokitafuta fundi ni msokoto. Kitanda cha kerezo, yaani kile chuma kirefu chenye reli ambazo kigari cha kisu hutembea juu yake, huonekana kigumu kama mwamba, lakini juu ya sakafu isiyo sawa uzito wake wenyewe na bolti zilizokazwa bila hesabu hukisokota kidogo, upande wa kichwa ukainama huku na upande wa mkia ukainama kule. Hapo kisu, kikisafiri kutoka mkiani kwenda kichwani, hakifuati tena mstari ulio sambamba na kazi, na shafti hutoka nene huku na nyembamba kule.

Na hesabu yake si ya kubahatisha. Chukua kitanda kilichosokoteka kwa alama 5 tu za pimamaji ya 0.02 baina ya ncha zake mbili, ndiyo milimita 0.1 kwa mita. Na tuseme kisu kinakata milimita 200 juu ya reli. Ncha ya kisu itakuwa imesogea milimita 0.02 kuelekea kazi au kuikimbia, na kwa kuwa shafti hukatwa ikizunguka, unene wake utatofautiana mara mbili ya hapo, milimita 0.04 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa mguu wa meza hilo si kitu. Kwa shafti inayoingia ndani ya beringi, ni kazi ya kutupwa.

Nakumbuka karakana moja ya kando ya maji, ambayo sitaitaja, iliyolihamisha kerezo lake kutoka ukuta mmoja hadi mwingine ili kupisha mlango mpya. Muda wa wiki mbili kila shafti ya pampu iliyotoka pale ilikuwa na ila ileile. Wakakilaumu kisu, wakanunua kingine. Wakazilaumu beringi za kichwa, wakakifungua kichwa chote na kukifunga tena. Wakamlaumu kijana aliyekuwa zamu, naye hakuwa na kosa lolote, na alisimama pale akisikiliza kama mshitakiwa asiye na wakili. Mwishowe aliitwa mzee mmoja mstaafu, akaja na sanduku dogo la mbao chini ya kwapa, akaifuta reli kwa kitambaa kisha kwa kiganja, akaiweka ala yake ukingamani mwa kitanda upande wa kichwa, akangoja. Akaihamishia upande wa mkia, akangoja tena. Kiputo kilisema jambo moja kichwani na jambo jingine mkiani. Alilegeza bolti za mguu mmoja, akachomeka kipande cha bati chembamba kama karatasi, akakaza, akasoma. Na kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Sikumwona akimkemea mtu. Alimwita yule kijana asome kiputo mwenyewe.

Lililonivutia zaidi siku ile ni jambo alilolifanya mzee kabla ya yote, ambalo wenziwe walilichukulia kuwa ni ada ya uzee tu. Aliiweka pimamaji, akaisoma, kisha akaiinua na kuigeuza, ncha ya kulia ikawa kushoto, akairudisha mahali palepale na kuisoma mara ya pili. Katika kitendo hicho kidogo mna insafu kubwa, na ningependa msomaji akae nacho kidogo. Tuseme mara ya kwanza kiputo kimekwenda alama 3 upande wa mlango. Ukiigeuza ala na kiputo kikabaki alama 3 upande uleule wa mlango, ala ni ya kweli na kitanda ndicho kilichoinama. Kikienda alama 3 upande wa pili, wa ukutani, basi kitanda hakina kosa, na aliyesema uongo ni pimamaji. Na aghalabu jibu huwa katikati: mara ya kwanza alama 3 upande wa mlango, mara ya pili alama 1 upande uleule; hapo mwinamo wa kweli wa kitanda ni alama 2, ambao ni wastani wa hizo mbili, na kosa la ala yenyewe ni alama 1. Ukiijua hesabu hiyo waweza kufanya kazi ya kuaminika hata kwa pimamaji iliyopotoka, na ukitaka kuisahihisha waigeuza skrubu yake ndogo kwa kiasi cha kosa hilo tu, wala si kwa tofauti nzima ya masomo mawili, kwa kuwa nusu ya tofauti ni ya ala na kuisahihisha yote ni kuiharibu upya.

Fikiri ni ala ngapi zilizo na sifa hii. Maikrometa, ili iaminiwe, yahitaji vipande vya chuma vilivyopimwa kwingine. Ratili ya muuza samaki yahitaji mawe ya serikali. Saa yahitaji saa. Pimamaji haihitaji shahidi wa nje. Yahitaji uso uliotulia, mkono wa kuigeuza, na mtu aliye tayari kusikia kwamba kipimo chake mwenyewe ndicho chenye ila. Kwa hakika hiyo ndiyo sababu naiona kuwa bora kuliko nyingi zilizo ghali kuliko yenyewe, na ndiyo sababu nasikitika kila nionapo fundi akiiweka mara moja, akaisoma mara moja, akakaza bolti.

Baada ya pimamaji kuukiri usawa, fundi mwema bado hukata kipande cha majaribio: hukiacha na mabega mawili, moja karibu na kichwa na jingine mbali, huyakereza yote mawili kwa kisu kilekile bila kukigusa, kisha huyapima kwa maikrometa. Yakiwa sawa, kazi imekwisha.

Mombasa ina adui zake wa usahihi, nao si wadogo. Joto ndilo la kwanza. Umajimaji wa kichupani hutanuka kwa joto na kiputo hufupika, hata katika siku za kaskazi kiputo cha asubuhi na cha alasiri vyaonekana kama vya ala mbili. Ndiyo maana husomwa ncha zake zote mbili na si moja. Mkono ulioishika ala kwa dakika moja, au pumzi ya mtu aliyeinama juu yake, hutosha kukisogeza kiputo bila ya kitanda kusogea. Nacho kitanda chenyewe chageuka: chuma cha kusubu hurefuka kiasi cha milimita 0.011 kwa kila mita na kila digrii moja ya joto, basi kitanda cha mita 2 ambacho jua la alasiri limekipiga ubavu mmoja ukawa moto digrii 5 kuliko mwenzake, ubavu huo hurefuka milimita 0.11 zaidi, na kitanda chote hupinda. Wakati mzuri wa kazi hii kwetu ni baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijaingia mlangoni, na ala iwe imelala juu ya kitanda muda wa kutosha hata vikawa na joto moja. Adui wa pili ni hewa ya chumvi, ambayo hulila tako lililokwanguliwa kwa usiku mmoja likiachwa bila mafuta. Na kutu ya ukubwa wa chembe ya mchanga chini ya tako yatosha kuifanya ala isiwe na maana.

Kadhalika iko mipaka ambayo pimamaji haivuki. Katika magudi na chelezo za upande wa Mbaraki na Liwatoni, ambako meli hupandishwa zikatengenezwa shafti zao na rafadha, ala hii yatumika kwenye mashine za nchi kavu. Lakini meli ikisharudi majini, ikapanda na kushuka na bamvua kwa zaidi ya mita 3, kiputo hakitulii, na mafundi hunyoosha waya au hupima namna mkono wa injini unavyofunguka na kufumba unapozungushwa. Tena kiwiliwili cha meli hubadilika umbo kikielea, basi usawa uliopimwa gudini si lazima uwe usawa wa baharini, na anayeusadiki bila kuupima upya anacheza na beringi.

Nina ombi moja kwa wenyeji wa kisiwa hiki. Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, Tudor, Majengo na Changamwe ng'ambo ya pili, yako masanduku ya marehemu waliofanya kazi relini na bandarini, na ndani ya baadhi ya masanduku hayo imo pimamaji ya karakana iliyofungwa kwa kitambaa cha mafuta, ambayo warithi huiuza kwa uzito wake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, wakipata fedha isiyofika bei ya kitoweo cha siku moja. Msiiuze kwa ratili. Mpelekeeni mwalimu wa ufundi, au kijana aliyefungua karakana yake Shimanzi na asiye na uwezo wa kuagiza mpya kutoka Ulaya. Naye kijana huyo, kabla hajashukuru wala hajalipa, aiweke juu ya kioo kinene cha meza iliyotulia, asome. Aigeuze, asome tena.